Rangi ya Maji Si Kina Chake: Kupima Gadolini katika Uvimbe wa Ubongo

Hotuba iliyotolewa Malindi mbele ya madaktari, wauguzi, wataalamu wa radiografia, wanafunzi na jamaa za wagonjwa

Assalaam alaykum. Waheshimiwa madaktari, wauguzi, wataalamu wa radiografia, wanafunzi wetu, na ninyi mama zetu na baba zetu mliokuja kwa sababu mna mgonjwa nyumbani, karibuni.

Nahodha wa Lamu anayetaka kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, hategemei rangi ya maji peke yake. Maji meupe yanaweza kuwa pima tatu juu ya mchanga, na maji meusi yakawa nusu pima juu ya mwani. Rangi humpa habari mbili zilizochanganyika: kina cha maji, na kilicho chini yake. Akitaka kina, hutia bildi, ile kamba yenye uzito wa kupimia kina.

Picha ya MRI ya uvimbe wa ubongo, yaani picha ya mashine ya sumaku, iliyopigwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kontrasti ya kung'arisha picha, ni rangi ya maji. Sehemu inayong'aa tunaiandika kwenye ripoti kwamba imekunywa dawa sana, na isiyong'aa kwamba haikunywa. Lakini mng'ao ule nao umechanganya habari mbili: dawa iliyofika pale, na hali ya nyama yenyewe kabla dawa haijafika. Tukitaka kujua ni milimoli ngapi za dawa, kipimo cha wakemia cha wingi, zimo katika lita moja ya uvimbe, macho hayatoshi. Leo tunazungumza juu ya bildi.

Tuanze na dawa yenyewe. Ndani yake mna gadolini, metali ambayo atomi yake ikishapoteza elektroni tatu hubaki na elektroni 7 zisizo na wenza. Elektroni hizo hufanya kazi kama sumaku ndogo kali. Gadolini ikiachwa huru mwilini ni sumu, kwa hiyo wakemia huifunga ndani ya molekuli inayoishika pande zote. Jina walilolipa jambo hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na hakuna mtu wa pwani asiyejua gando linavyoshika. Kuna molekuli za umbo la uzi na kuna za umbo la pete. Za pete hushika kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo sababu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisimamisha matumizi ya kadhaa kati ya zile za uzi. Picha za kwanza za uvimbe wa ubongo kwa dawa ya namna hii zilichapishwa Uingereza mwaka 1984, na Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mwaka 1988.

Jambo la kushika mapema ni hili: mashine ya MRI haiioni gadolini. Inaona maji. Kinachotoa ishara ni protoni za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili. Mashine huziinamisha kwa mawimbi ya redio, kisha zenyewe hurudi kwenye utulivu wao. Muda wa kurudi huko tunauita T1. Molekuli ya maji ikipita karibu na gadolini, protoni zake hutulia upesi na T1 hupungua. Sisi tunapima jinsi maji yalivyoharakishwa, kisha tunakadiria dawa iliyoyaharakisha. Karibu makosa yote tutakayoyataja leo yanatokana na kusahau kwamba kipimo hiki kinapitia mlango wa nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi. Badala ya T1 tumia kinyume chake, yaani 1 gawanya kwa T1 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kutulia, nayo tunaiita R1. Kila milimoli moja ya dawa katika lita moja huongeza R1 kwa kiasi kilekile, na kiasi hicho ndicho relaksiviti ya dawa, r1. Basi wingi wa dawa ni R1 ya baada, toa R1 ya kabla, gawanya kwa r1.

Chukua uvimbe uliokuwa na T1 ya milisekunde 1500 kabla ya dawa na 700 baada ya dawa. Kinyume cha 0.7 ni 1.429, na kinyume cha 1.5 ni 0.667. Tofauti ni 0.762. Dawa ikiwa gadoterati, ambayo r1 yake katika plazma (maji ya damu bila chembe) ya nyuzi 37 kwenye mashine yenye nguvu ya sumaku ya tesla 1.5 ni takriban 3.6, jibu ni milimoli 0.21 kwa lita. Ikiwa ni gadobutroli, yenye r1 ya takriban 5.2, vipimo vilevile vinatoa 0.15. Kwa hiyo usiandike tu kwamba mgonjwa alidungwa kontrasti. Andika ni ipi.

Sasa turudi kwenye rangi na kina, maana hapa ndipo watu wengi huteleza. Tuchukue mfuatano wa kawaida wa picha za haraka: muda wa kurudia, yaani kati ya pigo moja la redio na jingine, ni milisekunde 5, pembe ya kuinamisha protoni ni digrii 15. Sehemu ya kwanza ya uvimbe ina T1 ya 1500 kabla ya dawa, kwa sababu imejaa maji. Sehemu ya pili ina T1 ya 900. Zote mbili zipewe dawa sawasawa, milimoli 0.21. Ukizipitisha kwenye mlinganyo wa ishara, sehemu ya kwanza inapanda kwa asilimia 95, na ya pili kwa asilimia 54. Dawa ni ileile, hata tone halikuzidi. Daktari anayetazama kwa macho ataapa kwamba ya kwanza imevuja karibu mara mbili ya ya pili, na labda atapanga pa kuchukua kipande cha kuchunguza kwa kufuata kiapo hicho. Huo ndio mchanga na mwani.

Kwa hiyo T1 ya kabla ya dawa haipatikani kitabuni. Hupimwa ndani ya mgonjwa yuleyule, siku ileile, kabla sindano haijaguswa. Na ukisahau, hakuna kurudi nyuma. Dawa ikishaingia, figo zenye afya huchukua kama saa moja na nusu kutoa nusu yake tu, na mtu aliyevuka kwa mashua kutoka Lamu hadi Mokowe, akapanda basi, akalala kwa jamaa ili afike kwenye mashine alfajiri, hawezi kuambiwa arudi kesho kwa sababu dakika sita za kupima T1 zilirukwa. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndilo kosa rahisi kuliko yote kuliepuka.

Kwa nini tuhangaike na namba? Ubongo wenye afya una kizuizi kati ya damu na nyama yake, na gadolini haikivuki. Katika glioblastoma, saratani kali inayoanzia ubongoni, na katika saratani iliyosambaa kutoka titi au pafu, mishipa inayoota ndani ya uvimbe huvuja. Meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, haina kizuizi hicho tangu mwanzo. Wingi wa dawa iliyovuja, na kasi ya kuvuja kwake, hutoa habari kuhusu mishipa ile. Baada ya tiba ya mionzi, uvimbe unaweza kung'aa zaidi bila saratani kukua. Baada ya dawa zinazoziba mishipa kama bevasizumabu, unaweza kufifia bila saratani kupungua. Hata deksamethasoni, tunayoitoa kila siku kupunguza uvimbe wa maji, hupunguza uvujaji. Kama leo mgonjwa ametumia miligramu 16 na mwezi uliopita hakutumia kitu, ulinganifu wa picha mbili umeshaharibika kabla hata hajalala mezani. Kipimo na siku za deksamethasoni viandikwe.

Kuna sababu nyingine, na hiyo inatupa matumaini makubwa. Huko Grenoble, Ufaransa, madaktari waliwadunga wagonjwa 15 wenye saratani iliyosambaa ubongoni chembe ndogo mno zenye gadolini, ziitwazo AGuIX, kabla ya kuwapa mionzi ya ubongo mzima. Gadolini ni atomi nzito, nayo huongeza makali ya mionzi pale ilipo. Hapo swali si tena kama uvimbe unang'aa. Swali ni chembe kiasi gani zimefika katika uvimbe huu, na kiasi gani katika ule ulio sentimita mbili pembeni. Walijibu kwa MRI ya kupima T1. Gadolini ikishakuwa sehemu ya tiba, wingi wake ndio dozi, na dozi haikadiriwi kwa macho.

Tuingie kazini. Mgonjwa apimwe uzito kwenye mizani, asiulizwe tu kilo zake. Kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kilo. Dawa nyingi zina moli 0.5 kwa lita, kwa hiyo ni mililita 0.2 kwa kilo: mtu wa kilo 70 hupata mililita 14. Gadobutroli ina moli 1 kwa lita, na mtu huyohuyo hupata mililita 7. Chupa hizi zikikaa kabati moja, siku moja mtu atavuta 14 za gadobutroli. Zitenganishwe. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ijulikane mapema. Kwa figo zinazochuja chini ya mililita 30 kwa dakika, shauriana na daktari wa radiolojia kwanza, na usifikirie kabisa dawa za uzi, kwani tangu mwaka 2006 zimehusishwa na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa.

Siku hiyohiyo chukua damu upime hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Hili husahauliwa sana, na hapa kwetu pwani, penye malaria, minyoo na selimundu, lina uzito zaidi kuliko Ulaya. Gadolini haiingii ndani ya chembe nyekundu, hukaa kwenye plazma. Ukipima dawa ndani ya damu nzima, lazima ugawanye kwa sehemu ya plazma. Programu nyingi huwekwa hematokriti ya 0.45 kiwandani, kwa hiyo hugawanya kwa 0.55. Mama mwenye upungufu wa damu mwenye 0.30 alipaswa kugawanyiwa 0.70. Kumpa 0.55 ni kuizidisha dawa ya plazma yake kwa asilimia 27, na kila kipimo cha uvujaji kinachotegemea plazma kitashuka kwa takriban asilimia 21. Mama atasomeka kana kwamba uvimbe wake umetulia, kumbe ni damu yake iliyo nyepesi.

Branula, mrija mdogo wa kuachwa mshipani, iwe ya waridi, namba 20, kwenye mshipa wa kiwiko, mkono wa kulia ukiwezekana. Ijaribu kwa mililita 10 za maji ya chumvi ya hospitali huku kidole kiko juu ya mshipa. Mshipa ukivimba, tafuta mwingine sasa, si katikati ya picha.

Kwenye mashine, kwanza piga ramani ya B1, yaani ramani ya nguvu halisi ya mawimbi ya redio ndani ya kichwa. Ukiiagiza mashine digrii 15, haimaanishi kila mahali panapata digrii 15. Kwenye tesla 3, katikati ya ubongo hupata zaidi na pembezoni hupata pungufu. Kisha piga T1 ya kabla. Njia bora kwa usahihi ni ya kupindua: protoni hupinduliwa kabisa, na picha hupigwa baada ya mingojeo tofauti, kwa mfano milisekunde 50, 400, 1100 na 2500. Ni polepole. Kwa mgonjwa anayeumwa kichwa, wengi hutumia njia ya pembe mbalimbali: mfuatano uleule wa haraka, muda wa kurudia ukiwa 5, pembe zikiwa tuseme digrii 2, 5, 10 na 15, na mwangwi, yaani ishara inayorudi kutoka kwa protoni, ukusanywe mapema kadiri mashine inavyoruhusu.

Njia hii ya pembe ina deni, na ramani ya B1 ndiyo inayolilipa. T1 inayotoka huzidishwa kwa mraba wa kosa la pembe. Pembe halisi ikiwa asilimia 90 ya uliyoagiza, T1 unayosoma ni 0.81 ya kweli. T1 ya kabla na ya baada zote zinashuka, utasema basi zinafutana. Hazifutani. R1 zote mbili zimepanda kwa asilimia 23, tofauti yao nayo imepanda hivyohivyo, na milimoli 0.21 zimekuwa 0.26. Kosa la asilimia 10 kwenye pembe limekuzalia kosa la asilimia 23 kwenye dawa, na hakuna kitu kwenye picha kitakachokuonyesha. Picha itakuwa nzuri tu.

Kuna jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Kati ya mfuatano na mfuatano, mashine hupenda kujirekebisha yenyewe: hupandisha au kushusha ukuzaji wa ishara. Ikifanya hivyo kati ya digrii 5 na digrii 10, unalinganisha mizani mbili tofauti. Funga marekebisho hayo baada ya mfuatano wa kwanza, na meza isisogezwe. Vipande vitatu au vinne vya juu kabisa na vya chini kabisa vya pande la picha uvitupe, kwa kuwa pembe huko kingoni si ya kuaminika.

Kinachofuata kinategemea ulichonacho. Ukiwa na pampu ya kudungia, piga picha mfululizo, kila moja sekunde 3 hadi 6, kwa dakika 5 hadi 8. Chache za mwanzo zitupwe kwa sababu protoni hazijazoea mdundo. Zikishatulia, pata kama 10 za kabla ya dawa, kisha dunga kwa mililita 3 kwa sekunde na sukuma kwa mililita 20 za maji ya chumvi kwa kasi ileile. Kutokana na mfululizo huo unaweza kukadiria kasi ya dawa kutoka plazma kwenda nje ya mishipa, kwa modeli ambayo Paul Tofts na Allan Kermode waliichapisha mwaka 1991 na ambayo bado ndiyo mkate wa kila siku wa kazi hii.

Lakini modeli hiyo inadai ujue dawa iliyomo ndani ya mshipa wa damu sekunde kwa sekunde, na mshipa ni mjanja. Dawa inapopita kwa mara ya kwanza hujaa kwa milimoli kadhaa kwa lita, na hapo gadolini haiongezi ishara tu, bali huanza kuila kupitia kutulia kwa namna ya pili, T2. Milimoli 6 na mwangwi wa milisekunde 2 zinatosha kupoteza asilimia 5 na zaidi. Tena damu inayoingia kwenye picha kutoka shingoni haijainamishwa bado, kwa hiyo hung'aa kana kwamba ina dawa tayari. Kwa sababu hizo wengi huacha ateri ya shingo na kupima kwenye mshipa mkubwa unaopita katikati juu ya ubongo kutoka mbele kwenda nyuma. Ni busara, ilimradi chumba chote kitumie mshipa huohuo kila mara.

Huna pampu? Usijilazimishe. Mkono wa muuguzi, hata uwe mzuri namna gani, hausukumi sawa mara mbili. Fanya kipimo cha kusimama: T1 kabla, dunga taratibu kwa mkono, kisha T1 tena dakika ya 10 kamili baada ya sindano kuanza. Utapata wingi wa dawa, si kasi yake, na kwa maswali mengi hospitalini wingi unatosha. La lazima ni saa. Kina cha Mkanda bila kutaja saa na kama ni bamvua hakina maana, na milimoli bila dakika ni vivyo hivyo: uvimbe unaovuja polepole bado unajaa dakika ya 10 wakati uvimbe mwingine wa karibu yake umeshaanza kupwa. Mgonjwa akipimwa dakika ya 10 mwezi wa tatu na dakika ya 18 mwezi wa sita, usilinganishe.

Kabla ya kuamini mashine, ipime kwa mirija. Kazi hii ni ya jioni moja na gharama yake ni ndogo. Chukua mililita 1 ya gadoterati, ambayo ni milimoli 500 kwa lita, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi ifike mililita 100. Sasa una milimoli 5. Chukua mililita 20 za hiyo ujaze hadi 100, upate milimoli 1. Kutokana na hiyo ya 1, mililita 25 kujaza 50 ni 0.5, mililita 10 kujaza 50 ni 0.2, mililita 5 kujaza 50 ni 0.1. Na mmoja uwe maji matupu. Una mirija sita: 0, 0.1, 0.2, 0.5, 1 na 5. Tumia sirinji ndogo kwa ile mililita 1 ya kwanza, kwani kosa hapo litarithiwa na mirija yote. Jaza mpaka juu kabisa ukifunga ili pasibaki povu. Povu moja la hewa hupinda uga wa sumaku na kuchora doa jeusi kubwa kuliko lenyewe. Isimamishe ndani ya bakuli la maji, si hewani, iache ndani ya chumba cha mashine usiku kucha, na asubuhi subiri maji yatulie kabla ya kupiga picha.

Usiku kucha huo una sababu yake. Nje hapa Malindi ni nyuzi 30, ndani ya chumba ni kama 21. T1 ya maji hubadilika kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila nyuzi moja. Mirija iliyoingizwa saa hiyohiyo kutoka kwenye gari inapoa huku unaipima, na mstari wako utapinda usijue kwa nini. Chora R1 kwa wima na milimoli kwa ulalo. Ikitoka mstari ulionyooka, mashine na mfuatano wako ni wazima, na mwinuko wa mstari ni r1. Mrija wa 5 ukianguka chini ya mstari, T2 imeanza kula au mingojeo yako ni mirefu mno kwa T1 fupi hivyo. Wa maji matupu ukitoka nje ya mstari, huenda hukusubiri protoni zitulie vya kutosha, kwa maana T1 ya maji hupita sekunde 2.

Ila usichukue r1 ya mirija kuipeleka kwa mgonjwa. Kwenye maji ya nyuzi 37, tesla 1.5, gadobutroli ina takriban 3.3, na kwenye plazma 5.2. Mirija inakagua mashine. Kwa mgonjwa, tumia r1 ya plazma, ya nguvu ya sumaku yako, na uiandike uliyotumia, ili mwingine akiwa na sababu ya kutumia nyingine aweze kurudia hesabu.

Ukishapata ramani ya milimoli, mgonjwa huenda alitikisa kichwa kati ya kabla na baada. Zilinganishe picha mpaka zikae moja juu ya nyingine kabla ya kutoa moja kwenye nyingine. Unapozungushia uvimbe, acha mishipa mikubwa, acha katikati palipokufa, na kagua picha ya kabla kama kuna damu ya zamani. Damu iliyokaa siku kadhaa ina T1 fupi yenyewe, inang'aa bila dawa yoyote, na saratani ya melanoma hufanya vivyo hivyo. Kwa macho zitakudanganya; kwa kutoa R1 ya kabla zitasomeka karibu na sifuri kama inavyopaswa.

Kisha jiulize kama namba inaingia akilini. Mtu wa kilo 70 amepewa milimoli 7. Dawa husambaa katika maji yaliyo nje ya seli, takriban lita 14, kwa hiyo ikishatulia plazma ina karibu milimoli 0.5. Uvimbe wenye 0.21 unakubalika: una chini ya nusu ya wingi wa plazma, kwa vile sehemu kubwa ya nyama ni ndani ya seli ambako dawa haiingii. Uvimbe uliosomeka milimoli 2 dakika ya 10 haukubaliki hata kidogo. Tafuta kosa: pembe, ukuzaji, uzito, au chupa.

Na kila namba iende na kosa lake. T1 zote mbili zikiwa na mashaka ya asilimia 5, ile 0.21 ina mashaka ya kama asilimia 10, yaani 0.21 jumlisha au toa 0.02. Inafaa. Lakini pembezoni mwa uvimbe, T1 ikitoka 1500 hadi 1400 tu, mashaka yaleyale ya asilimia 5 yanakupa 0.013 jumlisha au toa 0.014. Hiyo si habari. Ramani itaipaka rangi kama ilivyopaka nyingine, buluu nzuri kabisa, na mtu atasema dawa imefika pale. Weka kizingiti, na kilicho chini yake kiachwe bila rangi.

Ripoti basi iwe na jina la dawa na r1 yake, nguvu ya sumaku, mililita zilizodungwa na uzito, dakika ya kipimo, hematokriti, deksamethasoni, kama B1 ilisahihishwa, na namba pamoja na mashaka yake. Mistari minane. Mgonjwa akipimwa Mombasa kwenye tesla 1.5 leo na Nairobi kwenye tesla 3 mwakani, mng'ao wa picha zile mbili hauwezi kulinganishwa kamwe, lakini milimoli zinaweza, kama mistari hiyo minane imo.

Mirija sita tuliyoieleza iko mezani hapa mbele, imefungwa na haina alama. Njooni muishike kabla ya maswali. Yote ni maji meupe, safi, na ule wa milimoli 5 haujitofautishi na ule wa sifuri. Mpangilio wake tumeuandika kwenye karatasi chini ya bakuli, na picha zake za T1 tutaziweka ukutani mkishakisia.